Kuchagua Kompresa ya Gari-Nyumba Nairobi: Anza na Tairi, Si na Boksi

Ukiingia duka la spea pale Kirinyaga Road ukaulizia kompresa ya gari, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni namba ya presha iliyochapwa kwa wino mkubwa kwenye boksi: 150 psi, 200 psi, hata 300 psi. Namba hiyo peke yake haikusaidii. Gari-nyumba, liwe ni Coaster iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda na jiko, Canter iliyojengewa chumba mgongoni, Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au lile lililotoka Ulaya likateremshwa na meli Mombasa, ni zito, tairi zake zinataka presha kubwa, na aghalabu ni tairi sita wala si nne. Unachokitafuta ni kompresa inayoweza kusukuma hewa ya kutosha wakati tairi tayari ina presha kubwa, na ikaendelea hivyo hadi tairi ya mwisho bila kuungua. Boksi halikuambii hayo. Tairi zako zitakuambia, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye tairi na kuishia dukani.

Kwanza, je, unaihitaji kweli?

Kama safari zako ni za lami tu, Naivasha, Nakuru, Nanyuki na kurudi, na gari ni vani ya kawaida, fedha zako zitafanya kazi vizuri zaidi zikinunua geji nzuri. Mafundi wa pancha wamejaa kando ya barabara zote zinazotoka Nairobi, na kompresa zao kubwa za mkanda humaliza kazi kwa dakika chache.

Lakini kumtegemea fundi kuna kasoro moja, na si ndogo. Presha ya tairi hupimwa tairi ikiwa baridi: gari liwe limesimama saa tatu au zaidi, au liwe limetembea chini ya kilomita mbili. Ukitoka Embakasi asubuhi ukasimama kwa fundi kule Rironi, tairi zimeshapata moto na geji inasoma juu kuliko hali halisi. Ukiongeza upepo hapo unakisia. Ukipunguza ili namba ilingane na ile ya kwenye kibandiko cha mlango, umefanya vibaya zaidi, maana tairi ikipoa itakuwa chini ya kiwango huku imebeba nyumba nzima. Kompresa yako mwenyewe hukuwezesha kupima na kujaza alfajiri, gari likiwa pale pale lilipolala. Na kama unashusha upepo makusudi ili kupita mchanga wa Chalbi au njia za pembeni za Magadi, hakuna mjadala tena: unahitaji kompresa, na inayojiweza.

Hatua ya 1: Jua presha ambayo tairi zako zinataka

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango au ukingo wa mlango wenyewe. Kuna kibandiko chenye presha ya tairi za mbele na za nyuma, kwa psi, kwa bar au kwa kPa. Bar 1 ni psi 14.5, na kPa 100 ni bar 1.

Kama gari liligeuzwa kuwa nyumba baada ya kutoka kiwandani, kibandiko hicho kinasema habari za gari ambalo halipo tena. Coaster iliyobeba abiria si Coaster iliyobeba makabati, friji, betri na tangi la maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa ni sawa na watu wazima wawili wasioshuka garini kamwe. Hapa njia ya kweli ni kupima uzito. Viwanda vingi na wafanyabiashara wakubwa wa vyuma chakavu wana mizani ya malori. Nenda na gari likiwa limejaa kama siku ya safari, maji, gesi, chakula na watu wake, upime ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Watengenezaji wa tairi huchapisha majedwali yanayoonyesha kwamba kwa uzito fulani tairi ya saizi fulani inataka presha fulani.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi usiichukue kuwa ndiyo presha yako. Hiyo ni presha ya juu kabisa, tairi ikiwa baridi, kwa mzigo wa juu kabisa. Bado inafaa kuijua, kwa sababu hutakiwi kuivuka.

Ili upate picha: tairi za vani za kambi za Ulaya zenye alama ya CP hushauriwa kuwekwa bar 5.5 kwenye ekseli ya nyuma, ambazo ni psi 80. Tairi nyingi za malori mepesi zenye alama ya LT na daraja la mzigo E mwisho wake ni psi 80. Magari-nyumba makubwa kama basi, ya rimu za inchi 22.5, huenda psi 100 hadi 120. Linganisha na saluni ndogo inayoridhika na 32, utaona kwa nini pampu ya jirani yako mwenye Vitz haitakufaa.

Andika namba ya tairi yako inayotaka presha kubwa kuliko zote. Kompresa unayotafuta iwe na uwezo wa kazi, si wa matangazo, unaozidi namba hiyo kwa robo au zaidi. Mwenye tairi za 80 atafute inayofanya kazi sawasawa ikiwa 100. Mwenye 110 atafute ya 150.

Hatua ya 2: Jua volti ya gari lako kabla ya kutoa shilingi yoyote

Hili ndilo jambo linalounguza kompresa nyingi Nairobi, na kulizuia ni kufunua boneti tu. HiAce ni volti 12. Coaster za dizeli zilizotoka Japani aghalabu ni volti 24, na Canter na Isuzu nyingi za mizigo vilevile. Hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani ni 24. Ukiona betri mbili zimeunganishwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Kompresa ya volti 12 ukiichomeka kwenye 24 itanguruma kwa furaha muda mfupi kisha itoe moshi.

Mafundi wengine watakushauri ushike kompresa ya volti 12 kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Itafanya kazi, ndiyo, lakini betri moja inachoka kuliko mwenzake, na alteneta inazichaji zote mbili kana kwamba zinalingana. Ukiifanya mazoea, unaua betri. Nunua kompresa ya volti 24, au tumia betri ya nyumba, ile ya taa na friji, kama ni ya volti 12 na ina nguvu ya kutosha.

Kisha tazama ampea. Tundu la kiberiti cha sigara kwenye dashibodi kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Kwa volti 12 hiyo ni wati 120 hadi 180, na kompresa ya wati hizo haiwezi kujaza tairi ya psi 80 ya gari zito kwa muda wa maana. Kompresa zinazofaa hula ampea 20, 30 na zaidi, na hushikwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio, injini ikiwa inanguruma ili betri isishuke. Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi mahali pake. Fyuzi iko pale ili ife kabla waya haujashika moto, na gari lako lina magodoro na mtungi wa gesi ndani.

Kama kompresa ni ya umeme wa nyumbani, hakikisha ni ya volti 240 na hezi 50. Wanaonunua vifaa vya magari-nyumba kutoka Marekani hupokea mashine za volti 120 na hezi 60, ambazo hapa kwetu hazina pa kuchomekwa bila transfoma nzito.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hewa

Hapa ndipo pa kukaa kidogo na kalamu, kwa sababu hesabu hii ndogo ndiyo inayotenganisha kompresa ya kweli na kichezeo.

Tairi ya saizi 225/75R16, ambayo ni ya kawaida kwenye vani za kambi, ina nafasi ya takriban lita 50 ndani. Nairobi imekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa inakandamiza kwa psi 12 hivi, wakati Mombasa ni 14.7. Kupandisha tairi hiyo kutoka psi 50 hadi 80 ni ongezeko la psi 30. Gawanya 30 kwa 12, unapata 2.5. Zidisha kwa lita 50: kompresa yako lazima ivute takriban lita 125 za hewa ya Nairobi. Kazi hiyo hiyo Mombasa ingehitaji lita 102 tu. Ndiyo kusema, kompresa iliyopimwa usawa wa bahari itachukua muda mrefu zaidi hapa kwetu, na ukipanda Nyandarua itachelewa zaidi.

Sasa rudi kwenye boksi. Mtengenezaji anaandika lita kwa dakika, au futi za ujazo kwa dakika, ambazo kila moja ni lita 28.3. Lakini mara nyingi kipimo hicho ni cha paipu ikiwa wazi, haijafungwa kwenye kitu chochote. Presha ikipanda, mtiririko unashuka. Kompresa iliyoandikwa lita 65 huenda ikatoa nusu yake tu, au chini, ikifika psi 80. Tuseme inatoa 30: lita 125 zinakuchukua dakika nne na kitu kwa tairi moja. Tairi sita ni dakika 25. Hiyo inavumilika. Ile ndogo ya dashibodi inayotoa lita 8 ikifika huko itakuweka juani kwa zaidi ya saa moja na nusu, kama haijafa njiani.

Kwa hiyo tafuta jedwali la mtiririko kwa kila presha. Kampuni zinazojiheshimu hulichapisha: kwa psi 0 lita kadhaa, kwa 30 kadhaa, kwa 60, kwa 90. Kama boksi au kijitabu hakina namba yoyote isipokuwa ile ya juu kabisa, muuzaji hana la kukuambia kuhusu tairi yako.

Hesabu hiyo pia itakuokoa usinunue kubwa mno. Kama kazi yako ni kuongeza psi 5 kila wiki mbili, tairi moja inataka lita 21 hivi, zote sita lita 125 kwa jumla. Kompresa ya wastani inayofika presha yako inatosha kabisa. Mwenye Land Cruiser anayeshusha tairi za 265/75R16 hadi psi 22 kwa ajili ya mchanga na kuzirudisha 46 ana hesabu nyingine: kila tairi ina lita 75 hivi, anahitaji lita 150 kwa kila moja, 600 kwa zote nne. Yeye ndiye mwenye sababu ya kulipia kompresa ya silinda mbili.

Hatua ya 4: Uliza inafanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzika

Kwenye karatasi ya maelezo utaliona neno "duty cycle" na asilimia mbele yake. Maana yake ni sehemu ya muda ambao kompresa inaweza kufanya kazi bila kupata moto kupita kiasi. Viair 400P, kwa mfano, mwisho wake ni psi 150 na imepewa asilimia 33 ikiwa kwenye psi 100: kwa kila nusu saa, dakika 10 za kazi na 20 za kupoa. Huo ni ukweli wa kuungwa mkono, kwa sababu asilimia imeambatana na presha. Asilimia isiyotaja presha haina uzito.

Linganisha na hesabu yako ya hatua iliyopita. Dakika 25 za kujaza kwa mashine ya asilimia 33 kwenye presha hiyo zinakuwa zaidi ya saa nzima ukihesabu mapumziko. Kwa wengi hilo si tatizo: jaza mbili, kunywa chai, jaza mbili nyingine. Kama hutaki kungoja, tafuta ya asilimia 100 kwenye presha yako na ukubali bei yake. Vyovyote vile, iwe na kinga ya joto inayoizima yenyewe. Joto la adhuhuri la Magadi si joto la maabara walikopimia.

Hatua ya 5: Chagua aina

Kwa magari-nyumba mengi ya hapa, ile ya kubebeka yenye vibanio vya betri ndiyo jibu. Inahama kutoka gari hadi gari, ikiharibika inakwenda kwa fundi bila gari, na haihitaji kutobolewa chochote. Iliyofungwa ndani ya boneti inapendeza kwa anayeshusha na kupandisha upepo kila siku, lakini inakaa kwenye joto na vumbi, na inakula nafasi ambayo Coaster haina.

Zile za betri za kuchaji, kama za vifaa vya ujenzi vya volti 18, zimekuwa nzuri kuliko zamani. Makita DMP180 inaandikwa mwisho wake psi 121. Kwa kuongeza psi tano sita kwenye vani, inatosha na haina waya wa kukanyagwa. Kwa kujaza tairi iliyoshuka ya lori jepesi, utaishiwa na chaji kabla ya kuishiwa na tairi.

Kompresa ya umeme yenye tangi, ile ya karakana, inafaa uani nyumbani. Kuibeba safarini sikushauri. Ni nzito, zile zenye oili ndani hazitaki kulazwa ubavu, na mota zake huvuta umeme mwingi mno zinapoanza kiasi cha kuzima inveta nyingi za magari-nyumba.

Iko njia moja ambayo wengi wameisahau. Kama gari lako ni lori lenye breki za upepo, tayari una kompresa kubwa kuliko zote hizi, inayoendeshwa na injini. Fundi wa breki anaweza kukuwekea tundu la kuchukulia upepo kwenye tangi la ziada lililo nyuma ya valvu ya kinga. Usiruhusu ichukuliwe kwenye tangi la breki zenyewe, na usifanye kazi hiyo kwa ujuzi wa kubahatisha. Mteremko wa Mai Mahiu unahitaji breki zote ulizonazo. Mifumo mingi hukata presha kati ya 110 na 130, kwa hiyo tairi za 80 zitajaa upesi na za 110 zitajaa polepole.

Hatua ya 6: Paipu, kichwa na geji

Kompresa nzuri yenye paipu fupi ni hasara tupu. Betri iko mbele, tairi za nyuma ziko mita tano au saba kutoka hapo, na paipu haipiti hewani, inazunguka gari. Pima kwa kamba: toka kwenye betri, zunguka mpaka valvu ya tairi ya mbali kuliko zote, ongeza mita moja. Paipu ivumilie presha kubwa kuliko ya kompresa, na iwe ya aina isiyokakamaa kwa baridi. Usirefushe waya za umeme badala ya paipu, maana waya mrefu mwembamba hupoteza volti na kompresa inalegea.

Magari yenye tairi pacha nyuma yana mtihani wao. Mtaka cha mvunguni huinama, na valvu ya tairi ya ndani iko mvunguni kweli. Kichwa cha paipu cha kawaida, kile cha kubana valvu, hakiingii pale. Unahitaji kichwa kirefu chenye midomo miwili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta, au valvu za chuma zilizorefushwa zikafungwa imara kwenye rimu. Virefushio vya mpira vinavyoning'inia vina tabia ya kuvuja, na tairi ya ndani ikivuja hutaiona kwa macho, kwa sababu ya nje inabeba mzigo wa zote mbili mpaka nayo ishindwe. Jaribu kichwa kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Ukiwa hapo chini, tazama valvu zenyewe. Valvu ya mpira ya kawaida, ile ya magari madogo, imetengenezwa kwa presha isiyozidi psi 65. Fundi asiyejua hukuwekea hiyo hiyo kwenye tairi ya 80. Dai za chuma, au za mpira za presha ya juu.

Geji iliyo kwenye kompresa inasoma presha ya paipu wakati hewa inapita, na hiyo huwa juu kuliko iliyomo ndani ya tairi. Zima, ngoja itulie, ndipo usome. Hata hivyo beba geji ya pekee, ambayo kipimo chako kiko katikati ya uso wake: geji ya mwisho 60 haina kazi kwako, na ya mwisho 300 mistari yake imebanana mno.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda na gari. Ukienda kwa matatu utanunua kwa maneno. Chagua duka lenye mahali pa kusimama, Industrial Area ni rahisi kuliko katikati ya mji, na ufike asubuhi.

"Mkubwa, hii inafika mia tatu, hata lori inajaza," utaambiwa. Usibishane. "Sawa ndugu yangu, hebu tuijaribu kwa tairi yangu ya nyuma." Shusha tairi hiyo psi 15, washa injini, shika vibanio, washa kompresa, tazama saa. Ikirudi kwenye kiwango kwa dakika mbili au tatu, uko mahali pazuri. Ikifika dakika nane huku inalia kama inasagwa, mrudishie kwa heshima. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio hili, na akikataa amekujibu.

Wakati inafanya kazi, gusa waya. Uvuguvugu ni sawa, moto si sawa. Sikiliza kama inatembea yenyewe sakafuni kwa mtikisiko. Ichomoe uone kama kichujio cha hewa kinafunguka na kama kuna cha akiba. Uliza pete za mpira za pistoni na fyuzi zake zinapatikana wapi, na kama jibu ni "hizi haziharibiki", jua hazipatikani. Tazama kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha bidhaa zilizoagizwa, chukua risiti yenye jina la duka na namba ya mashine, na dhamana iandikwe kwenye risiti hiyo. Bidhaa bandia zenye majina makubwa zipo mjini, na mara nyingi uzito huzisaliti: kompresa ya kweli ina shaba na alumini ndani, ni nzito mkononi.

Ukinunua mtandaoni, hakikisha kwanza unaweza kurudisha baada ya kuijaribu kwenye tairi yako, si baada ya kufungua boksi tu.

Na zungumza na wanaosafiri mbali. Wasafiri wa magari-nyumba wanaovuka Afrika hutua Jungle Junction, kambi yao kule Karen, na madereva wa magari ya utalii wa hapa wanajua kompresa ipi imevumilia barabara ya Loiyangalani. Dakika kumi na mtu wa namna hiyo zina thamani kuliko maoni mengi ya wanunuzi ambao hawajaondoka mjini.

Hatua ya 8: Kuitumia mara ya kwanza

Fanya nyumbani, alfajiri, si njiani. Injini iwashwe, gari likiwa mahali wazi, si ndani ya gereji iliyofungwa. Weka kompresa juu ya mkeka au ubao, mbali na vumbi la murami. Funga paipu kwenye kompresa kwanza, shika vibanio, washa, kisha shika valvu.

Kabla ya kujaza tairi yoyote iliyoshuka sana, simama ufikiri. Kwa tairi za magari mazito, iliyotembea ikiwa na presha chini ya asilimia 80 ya kiwango chake huhesabiwa imetembea bila upepo. Kwa tairi ya 80, mpaka huo ni 64. Nyuzi za ubavuni zinaweza kuwa zimekatika kwa ndani bila dalili nje, na ukijaza, ubavu unaweza kupasuka ghafla kwa nguvu ya kuua. Tairi ya namna hiyo ivuliwe na fundi, ikaguliwe ndani, ijazwe ikiwa kwenye kizimba cha chuma cha kinga. Hata kwa tairi nzima, usichuchumae mbele ya ubavu wake. Kaa upande wa mkanyago, paipu ikiwa imenyooka, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda paipu ndefu na kichwa kinachojishika chenyewe.

Ukishuka pwani usishtuke geji ikibadilika. Kushuka kutoka Nairobi kunapunguza psi 2 na nusu hivi kwenye usomaji, kwa sababu hewa ya nje ya Mombasa ni nzito zaidi. Joto nalo linaongeza: kwa tairi ya 80, karibu psi 1.7 kwa kila nyuzi 5.5 za Selsiasi. Mara nyingi vitu hivi viwili vinakaribia kusawazishana. Lala kwanza, pima asubuhi ya pili, kisha urekebishe.

Ukimaliza, iache kompresa ipoe kabla ya kuirudisha kwenye mfuko, kwa sababu kichwa cha silinda yake kinaweza kuyeyusha nailoni. Piga kichujio kitoe vumbi baada ya kila safari ya murami. Na ndani ya mlango wa kabati, bandika karatasi yenye presha ya kila ekseli, tarehe uliyopima, na dakika ambazo kompresa ilichukua kwa tairi ya nyuma. Siku dakika hizo zikiongezeka bila sababu, kagua kichujio, vibanio na pete ya pistoni kwa mfuatano huo kabla hujapanga safari ya Marsabit.